Mwanangu Aliniambia Kwanuka Gesi

Nawasalimu, ndugu zangu, wazima mliopo na wenye wagonjwa majumbani. Mama mchungaji, nashukuru kwa nafasi. Wengi wenu mnanijua kwa mahamri yangu kuliko kwa sauti yangu. Mimi ni mtu wa jikoni; kanisani hukaa safu za nyuma, na ibada ikiisha nakimbilia sufuria. Kwa hiyo mkiniona nakisokota hiki kitambaa mkononi namna hii, nivumilieni.

Niliwahi kusimama hapa mara moja kutoa shukrani, na mlinishangilia. Siku ile sikusema uongo, lakini nilisema nusu. Leo nimekuja na ile nusu iliyobaki, na ndiyo nzito.

Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni. Niliolewa hapa Mikindani nikiwa msichana. Mume wangu aendesha mashine za kunyanyua makontena kule Changamwe. Tuna watoto watatu, na nitakayemzungumzia ni wa pili, binti. Jina lake sitalitaja, ingawa mnamjua. Nusu ya vichwa vilivyomo humu vimepita mikononi mwake. Ndiyo, cheka mama, wewe pia amekusuka.

Kazi yangu ni kupika. Asubuhi mahamri na mbaazi kwa watu wa viwandani, jioni viazi vya karai, na penye arusi au matanga huitwa. Sasa, mpishi wa mahamri hapiki kwa macho, apika kwa pua. Unga ukiumuka hunukia kivyake, na ukichachuka hunuka kivyake. Mafuta huonya kabla ya kuungua. Iliki ikipungua wajua kabla hujaonja. Nyumbani walinitania kwamba nikikaa kibarazani naweza kuwaambia jirani wa tatu apika nini na kama amesahau kitunguu saumu. Nami nilijivuna kwa hilo. Watu wengine hujivunia nywele, mimi nilijivunia pua.

Basi pua hiyo ndiyo iliyougua.

Ilianza kama mafua ya kawaida. Tundu la kulia liliziba na halikuzibuka. Nikajifukiza mwarubaini, nikanunua dawa ya matone dukani. Lazibuka kidogo, laziba tena. Mmoja akaniambia, hizo ni nyama za puani, huwapata watu wengi. Mwingine akasema ni vumbi la malori, si twakaa kando ya barabara kuu? Yote niliyakubali, kwa sababu yote yalikuwa mepesi. Kisha asubuhi moja nimeinama nakanda, tone la damu likaanguka kwenye unga. Likafuatwa na jingine. Niliumwaga unga ule, nikakanda mwingine, na sikumwambia mtu.

Harufu haikuondoka kwa siku moja. Ilififia, kama kitambaa kinachopauka juani. Nilikuja kujua imekwenda kabisa kwa sababu ya ng'onda. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Kiislamu, kwao Mtongwe, na ndugu zake humletea papa mkavu. Siku hiyo alimwanika karibu na dirisha letu. Mume wangu akaingia ameshika pua, asema, "Leo jirani ameamua kutuhamisha." Watoto wakacheka. Mimi nikacheka pia. Walipotoka nilikwenda nikautia uso wangu dirishani, karibu na yule papa. Ilikuwa kama kunusa maji.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema? Hata mimi nimejiuliza mara nyingi. Ndugu zangu, nawaambia kweli yake. Niliona aibu. Nilifikiri, mpishi asiyesikia harufu ni kama fundi cherehani kipofu. Nani atampa kitambaa chake? Wateja walishaanza kuuliza, "Mama, siku hizi iliki waionea choyo?" Basi nikaanza kupima iliki kwa kijiko, kama mwanafunzi, na kuonja kila kitu mara mbili. Mwanangu alikuwa akinisaidia jikoni siku ambazo hana vichwa vya kusuka. Nikawa namwita: "Hebu njoo unuse unga huu, uniambie wewe waonaje." Naye akaja kila mara: "Abee mama." Alidhani namfundisha kazi. Kumbe naazima pua yake.

Mume wangu ndiye aliyenisukuma. "Sauti yako imekuwa ya mtu aliyefunikwa mto usoni," aliniambia. "Nenda hospitali." Nikamjibu, nikimaliza Ramadhani, maana Ramadhani biashara ni nzuri. Ramadhani ikaisha. Nikasema, nikimaliza arusi hii. Hiyo arusi ndiyo ninayokuja kwayo.

Ilikuwa Jumamosi, mchana. Watu wa arusi walitaka mahamri yawe tayari kabla ya alasiri. Upepo ulikuwa mkali, vumbi laingia, kwa hiyo nilifunga dirisha la jikoni na kuurudisha mlango. Unga ulikuwa umeumuka. Mimi niko uani nachekecha unga wa mara ya pili, mwanangu yuko ndani akata mahamri, na karai liko juu ya jiko langoja moto.

Akachungulia mlangoni. Akasema, "Mama, kwanuka gesi humu."

Niliacha chekecheo, nikaingia. Nikasimama katikati ya jikoni mle, nikavuta pumzi kama mtu anayenusa kweli. Mbele ya mwanangu. Nikasema, "Mimi sisikii kitu."

"Yanuka, mama. Tangu jana jioni nasikia kidogo. Labda mpira wa mtungi."

"Kama kungekuwa na gesi mimi nisingejua?"

Akanitazama. Alikuwa hajazoea kubishana na pua yangu, hakuna aliyezoea. Nikatoka tena uani. Nikiwa pale akaniuliza kutoka ndani, kwa sauti ya chini, "Basi niwashe?"

Nikasema, "Washa, watu wanangoja."

Nimeshasimulia habari hii kwa daktari, kwa mume wangu, kwa Mungu. Kila mara nikifika hapa natamani niseme neno jingine. Lakini neno ni hilo. Washa.

Sikusikia mlio mkubwa kama watu wanavyodhani. Ulikuwa kama shuka kubwa linapokung'utwa. Mlango ukafunguka wenyewe, nikaona mwanga wa buluu umetambaa sakafuni, kisha nikamwona yeye. Alikuwa ametoka amenyoosha mikono mbele, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimguse. Hakulia. Aliniita tu.

Mimi niliganda, niseme kweli. Aliyeruka ni yule jirani wa ng'onda. Alimvuta chini, akammwagia ndoo ya maji tuliyoyateka ya kuoshea vyombo, akaita aletewe nyingine. Mtu mmoja alikuja na dawa ya meno, mwingine na mayai, akawafukuza: "Wallahi mtu asimpake kitu! Maji! Leteni maji tu!" Aliendelea kummwagia maji mpaka gari likapatikana, akamfunika kwa kanga yake safi. Madaktari walisema baadaye kwamba yale maji yaliiokoa mikono. Mume wa jirani huyo na vijana wa mtaa walimwaga mchanga na kuuburuta mtungi nje. Mimi, mwenye nyumba, sikuungua hata ukucha.

Mwanangu aliungua mikono yote miwili mpaka viwiko, na shingo, na shavu la kushoto. Mikono, ndugu zangu, ya msusi.

Tukalazwa. Nasema tukalazwa kwa sababu nilikuwa pale kutwa. Usiku walinifukuza, asubuhi nikarudi. Mwanangu alikuwa akiongea na wauguzi, na baba yake, na yule mama jirani aliyekuja na uji kwenye chupa ya chai. Na mimi hakuongea. Nikimnywesha maji alikunywa. Nikimuuliza anaumwa wapi, alifumba macho. Alipokuwa akifunguliwa bandeji nilitoka nje, kwa kuwa sikuweza kustahimili kilio chake, na hilo pia najilaumu, maana alibaki peke yake na maumivu yaliyotokana na neno langu.

Sasa pale wodini kulikuwa na daktari mmoja, msichana mdogo kwa umri, aliyekuwa akikagua vidonda. Siku moja badala ya kumtazama mgonjwa alinitazama mimi. "Mama," akasema, "unapumua kwa mdomo tangu lini?"

Nikamwambia ni mafua.

"Na hiyo damu kwenye leso yako?"

"Mgonjwa ni yule kitandani, daktari. Mimi sina kitu."

Hakuniachia. Alinikalisha kwenye benchi, akanimulika puani kwa tochi ndogo. Akanishika mkono yeye mwenyewe hadi kliniki ya pua na masikio, jengo la pili. Huko waliniingiza kijibomba chembamba chenye taa mbele, wakakata kinyama kidogo kwenda maabara. Majibu yalipotoka, nilipewa na daktari wa pua, mtu mzima, mpole, asemaye taratibu.

"Mama, hii si ile nyama ya puani ya kawaida. Huu ni uvimbe wa saratani. Umeota upande wa kulia, ukasukuma ukuta wa katikati, ndiyo maana pande zote mbili zimeziba. Na saratani yenyewe ni ya jamii ya damu."

Nilimuuliza swali ambalo hata ninyi mngeuliza: "Damu na pua vina udugu gani?"

Akanieleza. Ndani ya uboho wa mifupa, alisema, kuna chembe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kinga ya mwili. Zikiharibika zikaanza kuzaana ovyo, kwa kawaida hujaa mifupani. Lakini kwa watu wachache sana, hutoka na kukusanyika mahali pamoja nje ya mifupa, na mara nyingi pahali hapo ni puani au kooni. "Nimesoma habari zake," akasema. "Lakini kwa macho yangu, wewe ni wa kwanza." Akaniambia yabaki mambo mawili: kwanza nipimwe damu, mkojo, uboho wa nyonga na mifupa yote, tujue kama umetambaa. Pili, kama uko puani tu, mionzi huuyeyusha vizuri. "Lakini usikawie, mama."

Nikasema ndiyo. Nikamshukuru. Kisha nikarudi wodini nikakaa kwenye kile kiti changu, na siku ya kupimwa uboho ilipofika sikwenda.

Sikumwambia mume wangu. Nilikuwa nimefanya hukumu yangu mwenyewe. Nilijiambia, pua hii imemchoma mtoto wako, acha ikuue. Niliona ni haki. Na nitawaambia jambo la aibu zaidi: nilipata raha kidogo. Nilipokuwa nikimtazama mwanangu amefungwa vitambaa vyeupe hadi kidevuni, nilihisi kwamba angalau nami nalipa. Kama kuna mtu hapa ameketi na hatia yake akidhani kufa nayo ni kutubu, namwomba asikilize kilichofuata.

Yule daktari msichana alinifuata. Aliinama karibu nami, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, daktari wa pua anakuulizia. Uvimbe haukungoji wewe." Nikamjibu, nitakwenda, nitakwenda. Alipoondoka nikainua macho. Mwanangu alikuwa macho, ananitazama.

"Mama."

Ndilo neno la kwanza alilonipa tangu siku ile. Nilisimama kama nimeitwa na mkubwa wangu.

"Naam, mwanangu."

"Uvimbe gani?"

Nikamwambia. Yote, na la damu, na la mifupa, na lile la kwamba kwa muda mrefu nilikuwa sisikii harufu yoyote, hata ya ng'onda. Nilipofika hapo alifumba macho. Nilidhani tumerudi kwenye kimya chetu.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Siku ile ulijua hunusi."

"Nilijua."

"Na hospitali hukwenda kwa nini?"

"Nakaa na wewe hapa."

"Usinisingizie mimi, mama."

Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuweza kuyafuta, kwa vile mikono imefungwa. Nilisogea nimpanguse, akageuza uso. Akasema, na maneno haya sitayasahau mpaka naingia kaburini:

"Mimi nilikwambia kwanuka gesi, hukunisikia. Leo nakwambia nenda ukatibiwe. Na hili pia hutanisikia?"

Ndugu zangu, nilikwenda. Sikubadilisha hata kanga. Nilikwenda vile vile nilivyokuwa, nikabisha mlango wa daktari wa pua nikasema, nimetumwa na mwanangu. Sikwenda kwa kutaka kuishi. Hilo lilikuja baadaye. Nilikwenda kwa sababu mara ya pili sikuthubutu kumwambia mtoto yule kwamba sisikii.

Walinitoboa nyonga, wakapiga picha mifupa tangu fuvu hadi miguu. Mume wangu nilimweleza jioni ile, kibarazani. Hakunigombeza. Aliingia ndani kunikorogea chai, akanitilia sukari nyingi kupita kiasi, hajui kupika yule. Majibu yakaja: mifupa safi, uboho safi. Uvimbe ulikuwa puani peke yake.

Nikaanza mionzi. Watu waliniambia inatisha. Yenyewe haiumi, ni kama kupigwa picha. Kinachotisha ni ile barakoa. Hukufinyangia plastiki ya moto usoni, ikikauka yawa sura yako mwenyewe yenye matundu, na kila siku hukufungia nayo kitandani usitikisike. Nilikuwa nalala pale nimebanwa, siwezi kusema, siwezi kugeuka, nasikia mashine yazunguka. Mahali pale sikuwa na wa kumdanganya. Niliomba maombi yaliyo wazi kuliko yote niliyowahi kuomba humu kanisani.

Baadaye mdomo ukafanya vidonda, chakula kikawa kama majivu. Shavu langu likaiva, likawa jeusi, likaanza kubanduka. Wakati huo mwanangu alikuwa ametoka hospitali. Alikuwa amevaa mikono ya kitambaa cha kubana, ile ya kulainisha makovu, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama vya mtu mzee. Kila siku alivikunja na kuvikunjua kwa kufinya bonge la unga wa mahamri. Siku moja alinikuta najikuna shavu. Akaja na mkebe wa dawa yake, akaketi mbele yangu.

"Usijikune. Najua lawasha. Ukijikuna lafanya kidonda."

Akanipaka, taratibu, kwa vile vidole vyake visivyokunjika. Hakunikumbatia, wala hakusema neno la utamu. Alinipaka vile muuguzi anavyompaka mtu, akaenda zake. Lakini alirudi kesho yake, na siku zote ngozi ilipokuwa mbichi.

Harufu ya kwanza kunirudia ilikuwa ya ile dawa. Alikuwa amekaa karibu nami, nikavuta pumzi, na kitu chembamba kikapita: mafuta, na kitu kama kafuri. Nilidhani ni ndoto. Nikavuta tena. Nilikuwa nikiota harufu ya iliki muda wote ule, wala si iliki iliyonijia kwanza. Ilikuwa harufu ya mikono ya mwanangu iliyoungua. Nililia, naye akafikiri amenitonesha.

Uvimbe umekwisha. Kila baada ya miezi kadhaa naenda kupimwa damu, kwa sababu ugonjwa huu waweza kukaa kimya ukaja kujitokeza mifupani. Daktari hasemi nimepona, asema nimetulia. Nami nimejifunza kushukuru kwa hilo.

Sasa nafika kwa kilichonileta. Niliposimama hapa mara ile kutoa shukrani, mwanangu alikuwa ameketi pale, upande wa dirisha. Nilisimulia pua, nikasimulia hospitali, moto nikausema kwa neno moja tu, ajali. Nikamaliza, na mmoja wetu, mtu ninayempenda, aliomba akasema: "Bwana, uliutumia moto ule kumfikisha dada yetu hospitali." Alisema kwa upendo, simlaumu. Kanisa zima likasema amina. Nami nikasema amina. Kwa sauti. Nilipofumbua macho mwanangu alikuwa amechukua mkoba wake anatoka.

Nilimkuta nyumbani akifinya unga wake. Hakuniinulia uso. Akaniuliza, "Mama, Mungu wako hakupata kibiriti kingine?"

Swali hilo nimelibeba hadi leo. Ni kweli kwamba kama mwanangu asingeungua, yule daktari asingeniona. Sipingi hesabu hiyo. Kila asubuhi naamka nikiwa hai kwa sababu hiyo, na ndiyo maana kuamka kwenyewe kwanilemea. Lakini kusema kwamba ilipangwa, kwamba mikono ya mtoto ndiyo iliyokuwa nauli yangu, hapana. Mungu ninayemwomba alinionya kabla ya moto. Alinionya kwa damu kwenye unga, alinionya kwa mume wangu, na mwishowe akanionya kwa kinywa cha mwanangu mwenyewe mlangoni mwa jikoni. Moto uliwashwa kwa amri yangu. Kwa hiyo ile amina, ndugu zangu, nimekuja kuiondoa mbele yenu, kwa kuwa niliitamka mbele yenu.

Nina watu wa kuwashukuru. Jirani yangu, yule mama wa Mtongwe, aliyekuwa na akili siku ambayo mimi sikuwa nayo. Nimemwalika leo naye amekuja, yule pale nyuma amejifunika. Shikamoo, dada. Yule daktari msichana aliyemtazama asiyekuwa mgonjwa wake. Daktari wa pua na wale wa mionzi. Mume wangu na chai yake ya sukari. Na ninyi akina mama wa kanisa mliobeba zamu za kupika kwangu. Kaimati zenu zilikuwa ngumu kidogo, lakini Mungu awabariki.

La kuwaachia ni hili, na wala si la kanisani tu. Pua ikiziba upande mmoja wiki kwa wiki, ikitoa damu, sauti ikibadilika, usikae na mwarubaini kama mimi. Nenda ikamulikwe. Huenda ni nyama za kawaida, na huenda ni kitu ambacho hata daktari hajawahi kukiona. Na mtoto wako akikwambia kwanuka, usimuulize kama yeye ajua kukushinda. Zima, fungua madirisha, tokeni nje, halafu mbishane huko.

Kabla ya kuja nilimwomba mwanangu ruhusa. Siku hizi amerudi kusuka, polepole, kichwa kimoja kwa siku. Alifikiri, akasema, "Waambie yote. Ila usiwaambie nimekusamehe. Hilo ni langu kulisema, na sijalisema."

Basi, ndugu zangu, sikuwaambia.

Amenisindikiza mpaka langoni. Kuingia hakutaka, amesema atanisubiri pale nje, na jua ni kali. Niruhusuni niende, nisimkawize.